Watu Mia Nne na Barua ya Ijumaa

Jumatatu, 3 Juni
Sanduku la mbao limegoma kufungika. Vitambaa vya makochi mia moja na kumi na viwili, vyote nimevifuma mwenyewe! Nimekalia kifuniko. Bado. Fundi cherehani wa mlango wa pili leo kapata wateja sita, nimewahesabu nyuma ya pazia. Kwangu kapita paka. Hata yeye hakuketi.

Nina mpango. Mwenye duka la kompyuta pale kona, tunamwita Bwana Waya, anauza orodha ya anwani za barua pepe. Watu mia nne! Tumebadilishana kwa vitambaa viwili, kaziingiza zote kwenye simu yangu. Nikamuuliza kama hao watu wamekubali kuandikiwa. Akakuna sikio. Akasema, Bibi, anza na kumi tu, waambie majina yao umeyapata wapi, na asiyetaka umtoe upesi. Ukiwamwagia wote watalalamika na barua pepe yako itafungwa. Maneno ya mwoga. Mwenye harusi anaalika kumi?

Jumanne, 4 Juni
Nimewaandikia wote mia nne kwa mkupuo. Shule sikuiona hata mlango. Herufi nilifunzwa na kitinda mimba wangu kwenye meza hii ya jikoni, kabla hajaenda ng'ambo kulea wazee wa watu, ili aniandikie kila Ijumaa. Basi leo zimefanya kazi. Nimeandika: Hamjambo wanangu. Mimi ni bibi. Nina vitambaa vizuri vya makochi. Mmekula?

Nimebonyeza. Nimekaa na simu mapajani. Nimechemsha chai ya watu wawili, mazoea tu.

Jumatano, 5 Juni
Majibu kumi na saba! Simu inalia kama mtoto anayeota meno. Nyumba imejaa!

Daktari wa meno anauliza nani kanipa anwani yake. Mwingine kaniita tapeli. Mimi! Nimemjibu kwamba hasira hizo ni za tumbo tupu, anywe uji kwanza. Tisa wameandika neno lilelile: nitoe kwenye orodha. Watu gani hawa? Mgeni hajakaa, anauliza viatu vyake! Nimewajibu mmoja mmoja kwamba hatoki mtu hapa mpaka aseme nimemkosea nini.

Mmoja hakuwa mkali. Mwanamke. Anwani ni ya mumewe, kafariki mwaka wa pili huu. Anasema simu ya marehemu ililia mezani, moyo ukamruka. Nimekaa sana na hiyo barua. Nikamwambia wangu ana miaka kumi na moja kaburini, na bado upande wa ukutani wa kitanda silalii. Huyo nimemtoa. Wala hakuomba.

Alhamisi, 6 Juni
Waliokaa kimya nimewaandikia tena kuwauliza wamenunia nini. Asubuhi na jioni.

Fundi cherehani kaja kuomba sukari. Kasikia simu inavyolia, akaniuliza kwa kebehi eti nimepata mchumba uzeeni? Nikamwambia mia tatu tisini na tisa. Kaondoka kasahau sukari! Siku nzuri kama hii sijaiona mwaka mzima.

Ijumaa, 7 Juni
Imefungwa. Barua pepe haifunguki. Bwana Waya kasema malalamiko yamezidi, nitangoja wiki nzima. Nikamwambia yaishe, vitambaa havina haraka. Nikashuka ngazi ya duka. Nikasimama. Leo Ijumaa!

Nikarudi mbio na magoti haya. Nikamsihi anifungulie dakika moja tu, nisome barua ya mwanangu. Hana ufunguo, anao mwenye kampuni ya barua pepe, na mwenye kampuni hajulikani anakaa wapi. Nikampigia mwanangu. Simu imezimwa, yuko zamu.

Barua zake zote zimo humo ndani. Hata moja sikuinakili. Nimekaa jikoni nikizisoma kwa kichwa. Mama, huku baridi. Mama, nimenenepa. Zilizobaki nazichanganya.

Jumamosi, 8 Juni
Simu kimya. Fundi cherehani kapenyeza kichwa, anauliza mbona leo hailii. Nikamwambia wachumba wamelala. Kakaa kidogo. Sukari hakuitaja.

Jumapili, 9 Juni
Kapiga! Kitinda mimba wangu kapiga! Barua yake ilimrudia, akadhani nimekufa. Kalia kwanza, kisha kanigombeza: Mama, watu hujawabishia hodi unawaingilia hadi mezani? Anayetaka kutoka, mwache atoke! Nikasema ndiyo mwanangu. Kila alipovuta pumzi, ndiyo mwanangu. Sauti imekuwa nzito, sikuwa nimeisikia tangu mwaka jana. Nyuma yake mzee wa watu anakohoa. Nikamwambia amfunike miguu, akamfunika, akarudi kunigombeza.

Saa nzima! Mwishoni kasema nisijali, Ijumaa kufuli likitoka ataniandikia kama kawaida, hana haja ya kupiga tena.

Nimewaza sana. Barua naimaliza kabla chai haijapoa. Kufuli limeniletea saa nzima.

Jumatatu, 10 Juni
Nimempelekea Bwana Waya kitambaa kikubwa kuliko vyote, cha kochi la watu watatu. Nimemwambia Ijumaa naitaka orodha ya watu elfu.