Maandishi Yaliyoninyang'anya Ukalimani

Bemidji, Minnesota
Februari 9

Waheshimiwa watengenezaji wa programu ya kuchezea video,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo kidogo tu, na sababu ni ninyi.

Kwa miaka tisa mke wangu Verna na dada yangu Arlys wametazama tamthilia za Kikorea sebuleni kwangu kila Jumapili baada ya kanisa. Mkalimani nilikuwa mimi, maana ujanani nilikaa Korea miezi kumi na minne, jikoni kwa jeshi letu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Toleo lenu la zamani lilikuwa na adabu. Lilionyesha maandishi ya tafsiri pale tu faili la maandishi lilipokuwa na jina moja na faili la filamu. Nilibadilisha herufi moja ya jina, maandishi yakatoweka, nyumba ikakaa kwa amani. Toleo jipya, lililokuja Novemba, linapekua folda nzima na kuyaleta bila kuulizwa. Huo ni umbea.

2. Maandishi hayo yananipinga mbele ya watu. Niliwaambia yule mama wa tamthilia mwenye koti la kijivu anagombana na mwanawe juu ya supu. Maandishi yakasema mama huyo ana saratani. Arlys akaweka chini sahani yake ya viazi vya kuoka: "Kaka, miaka yote hii ulikuwa unatupiga fiksi?" Nikamjibu kwamba Kikorea kina lahaja nyingi.

3. Verna alizoea kuniegemea begani na kuuliza, "Anasema nini huyo, mzee?" Siku hizi anasoma mwenyewe, ameegemea mto. Hili linaniuma sana.

4. Kwa hiyo naomba muondoe maandishi katika programu yenu, dunia nzima. Viziwi watanisamehe, hata mimi sikio la kushoto halisikii. Mkishindwa, basi yaandikwe upya kwa kufuata maelezo yangu, nami niko tayari kuwatumia.

Wasalimieni wake zenu, waume zenu, watoto, na hata fundi aliyebuni upekuzi huo, ingawa yeye namsalimu shingo upande.

Wenu kwa heshima,
Harlan Opsahl

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Jumapili imefika na kipindi cha mwisho kimekuja bila maandishi. Verna akasogea, akaniegemea: "Haya mzee, anasema nini?" Nimelingojea swali hilo tangu Novemba. Yule mama alikuwa kitandani akimwambia mwanawe maneno mengi, na mwanawe analia. Nikamwambia Verna sijui. Tafadhali tumeni maandishi ya kipindi hicho upesi. Tumekaa hapa watatu na hatujui kama amepona.