Darubini Yenye Dira

Jumatatu, 5 Mei 2025

Msiba. Jirani yangu Lameck amenunua darubini ya bunduki. Si ile ya kushika mkononi, ni ile inayokaa juu ya bunduki yenyewe. Jana alimpiga nguruwe pori kutoka ng'ambo ya korongo, risasi moja tu, na leo nusu ya kijiji chetu, Mlali, inanukia mchuzi. Mimi ni Mrangi, Mwislamu, nguruwe simli. Namchukia tu, kwa sababu ya karanga zangu.

Lakini mlinzi wa mashamba ya kijiji ni mimi. Miaka yote ni mimi, na raifoli ya marehemu baba, yenye kibali halali. Sasa Restuta, mtendaji wetu wa kijiji, kaja nyumbani. Kaniamkia vizuri, shikamoo mzee Hashimu, kisha akasema wananchi wananung'unika: msimu huu sijapiga nguruwe hata mmoja. Jumamosi mimi na Lameck tutashindana shabaha mbele ya afisa wanyamapori. Atakayeshinda ndiye mlinzi.

Nikamwambia sina wasiwasi. Alipoondoka nikakaa chini.

Uamuzi: nami nanunua darubini. Ya bei nafuu, lakini kubwa kuliko ya Lameck.

Jumanne, 6 Mei

Dodoma mjini. Nimemuuza beberu. Mke wangu, Mwajabu, anadhani kapotea.

Nilianzia dukani kwa Naushad, anayeuza vifaa vya uwindaji. Nikamwomba ya rahisi. Akanitolea kidude kifupi, cheusi, kinachokuza mara nne tu. Akanieleza kwa upole kwamba mwenye fedha kidogo asitafute inayokuza sana. Atafute iliyo imara, isiyoyumba bunduki ikipiga teke, na inayomruhusu kuweka jicho mbali. Ukilisogeza jicho karibu, akasema, utajuta.

Mara nne. Naushad ananiona mshamba.

Karibu na stendi nikamkuta mmachinga ametandaza turubai: tochi, redio, na darubini ndefu kama mkono wangu. Inakuza mara arobaini, akasema. Na juu ina dira. Nikauliza kama inafaa kwa raifoli. Akajibu, "Mzee, hii hata mwezini unaona." Hakujibu swali, lakini lilikuwa jibu zuri. Nimenunua. Ya Naushad haina dira.

Jumatano, 7 Mei

Nimelala Kizota kwa binti yetu, Sabrina. Asubuhi kwa Methusela, fundi wa kuchomelea. Bunduki sikuja nayo. Mtu hawezi kutembea na bunduki mjini kama mwavuli. Nilikuja na mchi wa Mwajabu, ambao unene wake ni sawasawa na mtutu. Nilipima kwa macho.

Methusela aliugeuzageuza mchi, akauliza nawinda nini. Nikasema nguruwe. Akasema haya. Akaibana darubini juu ya mchi kwa vyuma viwili, akazichomelea nati zisilegee kamwe. Kazi safi.

Jioni, nyumbani. Mtutu ni mwembamba kuliko mchi. Mwembamba sana. Na nati hazilegei kamwe. Mwajabu ametwanga kisamvu kwa mchi wenye darubini. Amesema haoni tofauti, ila mzito. Kisha akaniuliza beberu yuko wapi. Nimemsaidia kumtafuta mpaka giza likaingia.

Alhamisi, 8 Mei

Nimevikata vyuma kwa msumeno. Nimeifunga darubini kwenye bunduki kwa mpira wa baiskeli, mizunguko mingi. Imekaa imara, imeinama kidogo kushoto. Dira inasema kaskazini ni jikoni.

Mazoezi, bila risasi. Nikalala kifudifudi kando ya karanga. Nikatazama: giza. Nikaondoa kifuniko. Nikatazama tena: mnyama mkubwa ajabu, mweusi, pembe mbili zinachezacheza, miguu isiyohesabika. Jasho likanitoka. Nikamwita Mwajabu kwa sauti ya chini alete risasi. Akaja, akainama, akapuliza kioo. Sisimizi akaanguka.

"Baba Sabrina," akasema, "huyu niachie mimi."

Jumamosi, 10 Mei

Kijiji kizima kilikuja. Shabaha ilikuwa dumu la njano chini ya kilima. Lameck alilipiga kwa risasi ya kwanza. Makofi. Kisha akanigeukia, akasema, "Ndugu yangu Hashimu, karibu." Kwa heshima kabisa. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nikalitafuta dumu. Ndani ya darubini kulikuwa na unjano, kisha hakukuwa na unjano. Afisa akauliza kama niko tayari. Nikalibandika jicho kwenye kioo, nikalibandika kabisa, nisikose kitu. Nikafyatua.

Darubini ilinipiga jichoni, ikanipita begani, ikaangukia nyuma. Risasi, nimeambiwa, iliingia kwenye kichuguu mbali kabisa na dumu. Ndani ya kichuguu kulikuwa na nyuki. Watu walitawanyika. Afisa aliwahi kwenye gari lake akapandisha vioo. Lameck alipobisha hakufunguliwa.

Nimelala na kitambaa cha maji usoni. Mashindano yamevunjika. Kwa hesabu yangu, ni sare.

Jumapili, 11 Mei

Restuta amekuja. Si sare. Lameck, pamoja na uvimbe wake, ndiye mlinzi. Mimi ni msaidizi: nguruwe wakitokea, nipige debe kumwamsha. Debe la kweli, la bati. Maisha yangu yote sijampigia debe mtu, hata wakati wa uchaguzi. Sasa nampigia Lameck.

Nililia kidogo, kwa jicho moja. Lingine limefumba. Mwajabu alikaa karibu nami. Nikamwambia ukweli kuhusu beberu. Alikuwa anaujua tangu Jumanne. Aliyemnunua ni shemeji yake.

Jumatatu, 12 Mei

Mwajabu amenipeleka kwa tabibu Anna. Akaliziba jicho lililovimba, akaniambia kwa jicho zima nisome herufi zilizo ukutani. Nikamwuliza ukuta upi. Akasema macho yangu yamefifia siku nyingi; nguruwe wote niliowakosa, kosa halikuwa la bunduki. Akanipa miwani.

Nilipotoka nje nikasimama. Majani ya mti wa mkungugu, moja moja. Mbuzi kilimani, kila mmoja na masikio yake. Nikamtazama Mwajabu. Bado ni mzuri. Nikamwambia hivyo, akaangalia pembeni akitabasamu.

Njiani akasema, "Sasa umeona mwenyewe shida ilikuwa wapi." Nimekubali kwa moyo wote. Nilihangaika na darubini bure, na dawa ilikuwa miwani.

Jioni nimeijaribisha miwani juu ya mtutu. Mikono yake inaikumbatia bunduki kama imezaliwa nayo. Kesho alfajiri Kizota, Methusela aichomelee. Darubini ya Lameck ina jicho moja. Hii ina mawili.