Mizue Asiondoke

Jumanne, 13 Agosti

Leo jioni marehemu wanarudi nyumbani, kama kila Agosti kwa desturi yetu. Mizue wangu naye yumo, mara yake ya kwanza tangu tumzike majira ya baridi. Taa nyeupe ya kumwonyesha njia nimeitundika mlangoni mwenyewe. Halafu tarehe kumi na sita, eti, tumuage arudi alikotoka. Sikubali! Mke kafika kwake, aondoke tena aende wapi?

Nina mpango. Haendi popote.

Kwanza, wanyama. Kila mwaka tunawachongea marehemu farasi wa tango wampande waje mbio, na ng'ombe wa biringanya waondoke polepole. Farasi wa Mizue nimempa tango jembamba na miguu mirefu ya vijiti. Ng'ombe nimemtafutia biringanya nene kuliko zote sokoni, miguu haizidi ncha ya kidole. Huyo hata kona hafiki.

Shemeji Fusae, dada yake mkubwa Mizue, kaja kusimamia ibada, maana hajawahi kuniamini kwa lolote. Akamtazama ng'ombe. Akauliza huyo kiboko ni wa nani. Nikajifanya nafagia.

Tukawasha moto wa kumpokea mbele ya mlango. Nikamwambia Mizue karibu, pita, viatu acha hapo hapo. 

Jumatano, 14 Agosti

Leo mpango wenyewe hasa. Mgeni haondoki kabla hajamaliza kutembezwa! Mizue kauza achari kwenye mtaa huu wa kale miaka thelathini na kitu, akiwaelekeza watalii maporomokoni, na yeye hakuwahi kufika. Kila nikimwambia twende, alikuwa akinijibu kwamba maporomoko ni ya watalii, sisi tuna duka. Safari hii hana la kujibu.

Nikaitoa picha yake kwenye madhabahu yetu ya nyumbani, nikaifunga kitambaa, tukatoka. Tukapita maghala ya pombe ya mchele. Tukaona samaki wekundu mferejini. Nikamweleza historia ya kila nyumba, utadhani hakuzaliwa hapa. Darajani mama mmoja wa Osaka akaniomba nimpige picha, kisha kwa ukarimu wake akataka anipige na mimi. Nikamwambia tupo wawili. Nikafungua kitambaa. Utepe mweusi ule wa msiba juu ya picha! Mama wa watu akapiga picha upesi, akainama mara nyingi, akatokomea.

Kurudi nyumbani, balaa. Nilisahau kwamba mtawa wa hekalu anakuja kusoma sala. Alishakuja, alishaondoka. Fusae kwa aibu ilibidi aweke picha yetu ya harusi, na mimi nimo. "Umeshaombewa, shemeji," akasema. "Bado kufa tu."

Alhamisi, 15 Agosti

Maporomokoni! Basi la asubuhi, picha nimeipakata. Ujanja wa leo: kuna maporomoko ya chini na ya juu. Nimwonyeshe ya chini tu, ya juu nimwekee kiporo. Nani anaondoka akiwa na kiporo?

Mierezi mirefu, ubaridi, maji yanamwagika meupe mpaka macho yanauma. Nikamnyanyua juu ya kichwa aone vizuri. Nikateleza. Mimi chini, picha juu, kavu kabisa! Nilifurahi sana kabla sijagundua kwamba siwezi kusimama. Vijana wawili wapanda mlima wakanibeba hadi kituoni. Mmoja akanishauri niuache ule mzigo, watarudi kuuchukua. Nikamwambia huo mzigo ni mke wangu. 

Fusae kanikanda kiuno kwa hasira zote alizoziweka tangu harusi yetu.

Kumbe ni pazuri vile. Nimemuuliza Mizue kama kapapenda. Namuuliza tu, na kimya. Nimekasirika, nikamuuliza tena kwa sauti. Wapi.

Ijumaa, 16 Agosti

Siku ya kumuaga. Vijiti vya kuwashia moto wa kumuaga nimevificha nyuma ya mapipa ya achari. Ng'ombe nimemgeuza atazame ndani ya nyumba.

Jioni Fusae akatafuta vijiti kila mahali. Nikamwambia labda panya. Akaniuliza panya gani wa kula kuni. Nikamwambia wa siku hizi hawachagui.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Akafungua mlango, akaniambia nitazame nje. Mtaa mzima, mbele ya kila nyumba, moto mdogo unawaka. Watu wamechuchumaa, wanapunga mikono.

"Wenzake wote ndio hao wanaondoka, Yasuhei. Unataka mdogo wangu aje aende peke yake gizani?"

Mizue na giza! Hata chooni alikuwa akiniamsha nimsindikize.

Nikatambaa hadi kwenye mapipa. Nikawasha moto mwenyewe. Nikamgeuza ng'ombe. Nikalia mbele ya majirani wote, Fusae naye akalia, tukashikana kama walevi wawili. Nikamwambia Mizue aende na wenzake, asibaki nyuma. Niliyasema hayo kwa mdomo wangu. Moto ukazimika upesi mno.

Jumamosi, 17 Agosti

Fusae kaondoka na treni. Kituoni kanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kufanya. Kanisihi nimwache mdogo wake apumzike sasa, na mimi nipumzike. Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo safi kabisa. Yamekwisha, nimekubali.

Nikafungua duka. Mteja wa kwanza kaniuliza habari za ziwa la ng'ambo ya mlima, kama ni kweli majani yake mekundu ya Oktoba yanashinda ya huku. Nikamwambia ni kweli. Kanunua achari ya figili, kaondoka.

Nikapiga simu nyumba ya wageni ya ziwani. Chumba cha watu wawili, wikiendi ya pili ya Oktoba. Binti akaniuliza jina la mgeni mwenzangu. Nikamtajia. Akauliza kama kuna chakula mama asichokula.

Nikamwambia uyoga hali, na chai yake wamletee ya moto sana.