Shimo la Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua tangu alfajiri. Kutoka Kabeza hadi kazini viatu vimejaa maji, wala sijali. Leo Madamu Pudentienne, mkuu wetu, ametangaza: atakayekuwa wa kwanza kuona galaksi ya orodha yetu ikiamka, yaani ikiwaka kuliko kawaida, jina lake litatangulia kwenye taarifa kwa wanaastronomia wa dunia nzima. Tuko wawili tu. Mimi, na Mugeni wa meza ya dirishani, aliyekulia Bukoba na anayepanga kalamu zake kwa urefu.

Kazi yenyewe tamu. Kuna galaksi za mbali zenye shimo jeusi kwenye kiini, na kutoka hapo mkondo wa mwanga unatulenga sisi. Setilaiti moja ikinasa miale ya gama, nyingine inageuzwa kuitazama galaksi hiyo kwa eksirei. Picha zinatufikia, tunahesabu mwanga. Mugeni anahesabu. Mimi naota zaidi. Namba Kumi na Saba kwenye orodha ndiyo galaksi ninayoipenda. Mwanga wake uliondoka kwao kabla Kigali haijawa na vilima, ukaja moja kwa moja hadi kwenye meza yangu. Kwangu, Silvère, mtoto wa Bujumbura!

Jumanne, 4 Machi

Saa nne asubuhi. Picha mpya ya Kumi na Saba. Duara la mwanga, na katikati, giza. Shimo! Nimeliona shimo jeusi lenyewe, kwa macho haya, chai mkononi. Chai imemwagika yote. Sikuhesabu kitu. Mtu ameshaona shimo, ahesabu nini tena?

Mugeni akaniuliza, kaka, Kumi na Saba inasemaje leo? Nikamjibu imelala fofofo. Akanitazama kidogo, akasema haya. Picha nimeificha kwenye folda niliyoiita "Mapishi".

Taarifa ningeweza kuituma leo hii. Lakini magazeti yatataka sura yangu, na koti langu la pekee limetoboka kiwiko. Kwanza suti.

Jumatano, 5 Machi

Siri nimempa mtu mmoja tu, Mzee Usumani, fundi cherehani wa mtaani kwangu. Akauliza, mwanangu, nyota gani mnaziona saa nne asubuhi? Nikamweleza kwamba setilaiti iko juu huko, haisubiri jua lizame. Akawaza, sindano mdomoni. Kisha akauliza, sasa huko watu wanalala saa ngapi?

Kanipima mabega. Ijumaa, akasema, kwa sababu ana magauni ya harusi. Nimekaa kwenye benchi lake hadi jioni. Ndege zinashuka uwanjani Kanombe, cherehani inaimba, nami niko mbali kabisa, naelea kando ya shimo langu. Kule kimya. Hakuna kalamu zilizopangwa. Nilipozinduka nilikuwa nimekalia mkasi.

Alhamisi, 6 Machi

Suti ina mkono mmoja. Nimeota siku nzima.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwisha! Mugeni ametangaza. Kumi na Saba imeamka, na jina lake liko mbele!

Madamu alituita, akaeleza taratibu, kama anayemsomea mgonjwa. Miale ya gama ilianza kupanda tangu Jumapili, kwa hiyo Mugeni hakuamini kwamba galaksi imelala. Akaichukua ile ile picha ya Jumanne mwenyewe kutoka kwenye hazina ya picha za setilaiti, iliyo wazi kwa yeyote. "Mapishi" hayakusaidia kitu. Ule weusi si shimo jeusi. Shimo lenyewe halionekani kwa kamera kama hii hata kidogo. Ni kamera imezidiwa: mwanga ukiwa mwingi mno, inazitupilia mbali hesabu za katikati, linabaki tundu. Mugeni akahesabu mwanga wa pembeni mwa tundu tu. Galaksi inawaka mara ishirini zaidi ya kawaida.

Maana yake lile tundu ndilo lilikuwa habari yenyewe. Nilikuwa nayo mkononi siku tatu. Nimelia. Kidogo tu, chooni.

Madamu akaendelea, kamera ikizidiwa inafanya vituko viwili. Cha kwanza ni tundu. Cha pili akataja mstari fulani wa mwanga, umenyooka, unakatisha picha nzima, na kwamba huo nao ni kamera tu wala si kitu cha mbinguni. Sikushika vizuri. Simu ilinitetemekea mfukoni. Mzee Usumani, suti tayari.

Jumapili, 9 Machi

Mugeni katualika kwenye baa ya Gisimenti, brosheti, yaani mishikaki ya mbuzi, na ndizi za kuchoma. Wote wamevaa fulana. Mimi suti. Mhudumu akanidhani mwenzake, akanipa menyu zirudishwe jikoni.

Mugeni akasema jina langu ameliweka la tatu, baada ya la Madamu, kazi ni yetu sote. Akasema, kaka, siku nyingine niambie tu, tutazame pamoja. Hakucheka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma. Nikamwahidi, na nilimaanisha kabisa.

Nimerudi kwa miguu ndani ya manyunyu. Mwanga umesafiri miaka yote ile bila kusimama popote, nami nimeuchelewesha siku tatu kwa ajili ya mifuko ya koti. Nilisimama njiani nikaomba radhi juu, kwenye mawingu. Najisikia mtu mpya.

Jumatatu, 10 Machi

Saa tatu na nusu. Picha ya Kumi na Moja. Nuru kali, na katika nuru hiyo unapita mstari wa mwanga, toka ukingo hadi ukingo, umenyooka kama chaki ya Mzee Usumani kwenye kitambaa. Mkondo! Mkondo wenyewe unaotoka kwenye shimo jeusi, na mimi ndiye nimeupata!

Sikuhesabu. Mugeni akauliza, kaka, Kumi na Moja vipi? Nikamwambia imelala.

Nimeiweka kwenye "Mapishi". Nimempigia Mzee Usumani, suti hii inadai kizibao. Anasema Alhamisi. Hakuna haraka.