Mbuzi Mara Nne

Jumatatu, 3 Machi
Bahati hiyo! Mkurugenzi wa makumbusho anataka sanamu ya plasta ya yule mnyama mkubwa aliyetoweka. Kibarua ambaye sanamu yake itasimama imara ataajiriwa kabisa. Vibarua tuko wawili, mimi na Miwani. Nikikosa, naenda kuosha masufuria kwenye mgahawa wa shemeji, kaka wa mke wangu. Ameshanishonea aproni. Mtu gani huyo!

Miwani anapima mifupa ya kale, mmoja mmoja, kama anachambua mchele. Apime! Mnyama ni mnyama. Nimempima mbuzi wa jirani. Nitazidisha kila kitu mara nne.

Jumatano, 5 Machi
Mbuzi kala futi kamba. Mguu mmoja wa nyuma nimekisia.

Mnyama wangu kaisha, miguu myembamba, anapendeza. Wa Miwani ana miguu kama nguzo za ukumbi. Nikamuuliza kama ana matende. Akasema mfupa wa paja ndivyo ulivyo, nikauangalie mwenyewe. Sikwenda. Asiyekubali kushindwa si mshindani, naye hakubali.

Mguu wa kukisia umelia ka! Nimeuambia utulie.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Mkurugenzi kaja na Daktari wa Mifupa, yule mama anayechunguza viumbe wa kale walivyotembea. Nikaondoa magogo ya kumwegemeza mnyama wangu. Akasimama! Nikapiga makofi. Magoti yakapasuka, akaanguka kifudifudi miguuni pa mkurugenzi kama anayeomba radhi. Mkurugenzi katapakaa plasta mpaka kope.

Daktari hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Akasema nimemkuza mara nne kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, hivyo uzito umepanda mara sitini na nne, lakini nguvu ya miguu, inayotegemea unene wake tu, mara kumi na sita. Ndiyo maana, akasema, viumbe walipozidi kuwa wakubwa, kizazi baada ya kizazi, miguu ilinenepa kuliko mwili. Na ndiyo maana mfupa mmoja tu wa paja humwambia yeye Daktari mnyama alikuwa mzito kiasi gani. Nikaitikia kwa kichwa kama nimeelewa. Wapi! Nilizidisha vyote sawa, sikupendelea kiungo hata kimoja. Haki gani nyingine wanataka?

Miwani kaajiriwa. Nyumbani mke wangu kaitundika aproni mlangoni. Nimelia kidogo bafuni.

Jumamosi, 8 Machi
Mungu si Athumani! Daktari kaniombea nafasi ya mwisho: nitengeneze mnyama mwingine aliyetoweka, mdogo wa kukaa kiganjani. Kanipa mifupa yake kwenye kisanduku, akanisihi nianzie hapo. Sijakifungua. Vijifupa kama njiti za kiberiti, vitaniua macho bure.

Kosa langu nimeligundua mwenyewe: kuzidisha. Safari hii nagawanya. Shemeji nimemrudishia aproni yake, avae mwenyewe. Kesho naenda bustani ya wanyama kumpima tembo.