Nilivyoleta Theluji Uvira

Siku ya tano, 20 Desemba

Vakansi imeanza. Matokeo yangu ya shule yalifika nyumbani kabla yangu. Papa hakupiga kelele. Mbaya zaidi: aliongea polepole. Kosa moja, akasema, moja tu, na Noeli pamoja na Bonane ya mwaka mpya utazilia Kiringye, umeinama kwenye mpunga wa babu yako. Kiringye! Hakuna ziwa, hakuna mtandao, hakuna watu wa kunishangaa. Nimeapa kutulia.

Jioni jirani yetu Chadrack, simu kubwa akili ndogo, aliwaonyesha watoto video ya familia za Ulaya zikiteleza kwenye theluji. Papa, mama, hata bibi! Dada yangu mdogo Alliance akaniuliza mimi kaka yake: yaya, sisi tutateleza lini? Chadrack akacheka. Uvira mutateleza kwenye nini, kwenye ndagala za ziwa?

Nikasema siku ya Mungu, nyuma ya misa kuisha, theluji itakuwa mlimani. Mdomo wangu huu! Hauombi ruhusa.

Siku ya posho, 21 Desemba

Akili ilikuja asubuhi, niko chooni. Theluji ni nini? Kitu cheupe kwenye mteremko. Na nani ana vitu vyeupe? Wamama! Wiki nzima wameloweka mihogo ya unga wa Noeli, sasa kila mmoja anaianika kwenye hema lake la plastiki, limetandikwa uani, akigombana na kuku.

Nikaenda kwa mama Bernardine, mkubwa wao. Nikamwambia pale juu nyuma ya kanisa jua linachoma mara mbili, na kuku hawapandi. Akaniangalia kichwa mpaka vidole. Weye Gaspard, tangu lini unapenda kazi ya wamama? Nikajibu tangu Yesu amekaribia kuzaliwa. Akacheka. Nimeshinda!

Mahema kumi na mawili, nimebeba minye, peke yangu. Mgongo umekufa. Lakini ukiwa barabarani, mlima mweupe pe! Katikati nimeacha njia ya kuteleza. Kisha nimepasua katikati bidoni tatu za plastiki za kuchotea maji, zimetoa vyombo sita vya kuketia. Moja ilikuwa ya kwetu. Mama hajajua. Wamama wa mihogo nao hawajui habari ya kuteleza. Hawakuuliza.

Siku ya Mungu, 22 Desemba

Watu! Kartie nzima, mtaa wote, na nguo za misa! Mimi na Alliance tulifungua. Tulishuka kama mawaziri. Akafuata Modeste fundi cherehani na watoto wake wawili, akilia kuliko wao. Wamama walinuna kidogo, lakini bidoni zilifuata njia. Hata Chadrack alipanga mustari. Nikamuweka wa mwisho.

Halafu mvua. Desemba! Nilifikiria yote, nikasahau Desemba. Mvua ya milima yetu haibishi hodi. Mama Bernardine akalia: mihogo yetu! Wamama wakapanda mbio kukunja mahema, bidoni zikishuka mbio. Wakakutana katikati. Mihogo ikamwagika, ikalowa, ikapondwa. Njia ikawa uji.

Na kweli, hapo ndipo iliteleza vizuri! Mama Bernardine alianguka juu ya hema lake, akashuka nalo mpaka chini, akasimama, akapanda tena. Kwa mapenzi yake! Wengine nyuma yake. Nikajisema: Gaspard, weye ni muntu mukubwa.

Papa akatokea juu na mwavuli. Suti ya ndoa yake. Akaita jina langu lote, akapiga hatua moja. Alitupita sisi wote akiwa ameketi, mwavuli wazi, uso kama wa picha ya kitambulisho. Akampita padri. Akaishia kwenye mfereji. Alliance akapiga makofi: papa iko wa kwanza!

Hakuna aliyecheka. Mimi tu.

Siku ya kwanza, 23 Desemba

Kesi. Wamama wamekauka, wamekumbuka kwamba Noeli hakuna unga. Mama Bernardine alisema alicheka, ndiyo, lakini kicheko hakipikwi kikawa ugali wa fufu. Papa alisoma hukumu amesimama. Kukaa bado hawezi. Niende Kiringye leo, ning'oe mihogo ya babu, nimenye, niloweke, nianike, nitume kwa nyumba kumi na mbili kabla ya Bonane. Na mpunga juu yake.

Chadrack anapokea pongezi. Anasema wazo lilitoka kwenye simu yake. Mwizi!

Siku ya posho, 28 Desemba

Kiringye. Mikono malengelenge. Mihogo imelowa, inanuka, iko inakauka. Babu Nsengiyumva ananihesabia hata usingizi.

Lakini watoto wa hapa waliniuliza kama kweli Uvira theluji ilianguka. Nikasema ilianguka, na niliileta minye. Wakanisogelea wote, macho wazi. Nilikuwa nimesahau utamu wa watu kunishangaa hivyo.

Kesho babu anaenda misa ya kwanza. Shamba lake ni tope laini, sawasawa, refu kuliko mteremko wa Uvira mara tatu. Ng'ombe mpole yupo wa kuvuta. Bidoni nimepata. Nimewaambia waje na wazazi wao. Na safari hii hakuna kitu cha kuharibika: hakuna mihogo, hakuna mteremko. Iko tu mpunga mudogo, nimeupanda jana mwenyewe. Utajinyoosha.