Paka Shingoni

Shemeji yangu anamjua babu wa babu wa paka wake kwa jina, na wa kwake mwenyewe hamjui!

Msinielewe vibaya. Mtu akishamuoa dada yako, huna budi kumheshimu, na mimi namheshimu kadiri ninavyoweza, hasa wakiwepo wageni. Mtaani wamempa jina la Bwana Najua. Mwambie mvua inakuja, atakujibu, "Najua." Mwambie amekanyaga msumari, atakujibu, "Najua," huku damu inatoka. Tangu nimfahamu hajawahi kumwacha mtu akafika mwisho wa sentensi.

Sasa bwana huyu akajinunulia paka. Siyo paka hivi hivi! Kitoto cha Kiajemi cha miezi mitatu, manyoya meupe marefu, uso bapa, na macho ya mtu aliyeletewa chai baridi. Kilikuja na kikapu chake, brashi yake, na cheti cha ukoo chenye muhuri. Babu mzaa baba, medali mbili! Bibi mzaa mama, kikombe! Shemeji akakitia kile cheti kwenye fremu na kukitundika sebuleni, pale ilipokuwa picha ya harusi yake. Picha ya harusi ikahamia koridoni, juu ya ndoo ya deki.

"Shemeji," nikamuuliza, "na babu yako wewe mzaa baba, alishinda nini?"

"Alikuwa mtu mzima," akanijibu, akabadilisha mazungumzo.

Paka akaitwa Jemadari. Dada yangu hakusema lolote kuhusu jina, wala kuhusu picha. Alikuja kusema Jumamosi asubuhi, akiwa anajikuna mguu chini ya meza kwa mara ya kumi.

"Mume wangu, nyumba hii imeingia viroboto."

"Viroboto? Kwa paka mwenye cheti? Kiroboto ni mdudu wa paka wa mitaani! Huyu wetu ana damu nyingine kabisa."

"Basi wameipenda hiyo damu. Leo si ndiyo siku ya chanjo yake? Mpeleke. Nikirudi kazini saa kumi nimkute hana hata mmoja. Mwenye viroboto anatoka humu ndani, awe na cheti, asiwe na cheti."

Shemeji akamvuta Jemadari kifuani. Tumcheke kwa mengine yote, lakini yule paka alikuwa anampenda kweli. Akitoka kazini alikuwa anavua viatu mlangoni na kutembea kwa ncha za vidole ili Jemadari asiamke. Kwa dada yangu hajawahi kufanya hivyo hata siku moja.

Tukaondoka, mimi nimebeba kikapu, yeye kabeba fremu. Ndiyo, fremu! Alikitoa cheti ukutani na kukitia kwapani.

Kliniki yenyewe ni vyumba viwili nyuma ya duka la chakula cha kuku. Benchi moja, mizani moja, na karani mmoja mwenye fomu ambaye hakuinua macho.

"Aina ya mgonjwa?"

Shemeji akasafisha koo, akaanza kusoma kwenye fremu. Alisoma baba, akasoma mama, akasoma medali. Bibi mmoja aliyepakata kuku akahama benchi. Alipomaliza, karani akaandika neno moja tu kwenye fomu: Paka.

"Uzito?"

"Kilo moja na nusu. Za Kiajemi."

"Ana cheti?"

"Si hiki hapa!"

"Mzee, hicho ni cha ukoo. Mimi nauliza cha chanjo."

Cheti cha chanjo kilikuwa kimesahaulika nyumbani, kwenye droo ya vijiko. Karani akahema, akafungua kipya.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye mikono ya haraka. Akamtazama Jemadari masikio, akamtazama meno, akamdunga sindano kabla paka hajajua ameshikwa, na kidonge cha minyoo kikapita kooni bila mjadala.

"Kucha zimekuwa ndefu. Nikate?"

"Ah, kucha najua kukata mwenyewe."

Daktari akachukua kitana chembamba, akampitisha nacho mgongoni mara mbili, akakikung'utia kwenye karatasi nyeupe. Vidoa vyeusi vikaanza kurukaruka.

"Viroboto," akasema.

"Hao watakuwa wamepanda hapo nje kwenye foleni!"

Daktari hakupata nafasi ya kumjibu. Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, akaingia bwana mmoja kabeba mbwa aliyekwamwa na mfupa kooni, na chumba kizima kikawa makelele. Daktari akaokota kichupa cha plastiki kisichozidi kidole, akakitumbukiza kwenye bahasha, akaandika juu yake upesi upesi.

"Hii ni ya leo leo. Mkitoka tu hapa una..."

"Najua."

"Hujui bado, sijamaliza. Unaifungua halafu una..."

"Najua, daktari, najua! Wewe mhudumie mbwa."

"Haya. Nimekuandikia hapo."

Nje, shemeji akaisoma bahasha kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "PAKA SHINGONI. DAKIKA KUMI ASIJILAMBE."

Akaikazia macho bahasha. Mimi nilidhani anafikiri.

"Fungua kikapu," akaniamuru. "Mpandishe."

"Nimpandishe wapi?"

"Shingoni! Hujui kusoma? Paka, shingoni, dakika kumi. Ni tiba ya kisasa hii. Joto la mwenyewe linafukuza wadudu."

"Na hiki kichupa?"

"Manukato yake hayo. Atapakwa baadaye."

Nikampandisha. Jemadari akajilaza nyuma ya shingo ya shemeji, mkia huku, kichwa kule, na shemeji akashika njia ya nyumbani kifua mbele kama anayekwenda kuapishwa. Mimi nyuma, na kikapu kitupu, na fremu, na bahasha.

Watu wakatoka madukani. Kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu. Fundi viatu akainua nyundo.

"Bosi! Hiyo kola umeipata wapi?"

"Ni tiba! Viroboto wakipata joto la shingo ya mwenyewe, wanahama!"

"Wanahamia wapi?" akauliza fundi viatu.

Shemeji akaongeza mwendo.

Lile swali likanifanya niitazame tena bahasha, na neno la kwanza likanigeuka machoni. Paka! Siyo paka wa kulia nyau. Paka, kama mtu anavyopaka mafuta! Niseme kweli, roho iliniuma. Nikamkimbilia.

"Shemeji, nadhani hapa daktari alimaanisha..."

"Najua!"

Basi, kama anajua. Nikarudi nyuma na kikapu changu.

Kwenye kona ikapita pikipiki yenye bomba bovu, ikapiga mlio kama bunduki. Jemadari alitaka kuhama nchi, na njia ya karibu ilikuwa kupitia kichwani kwa shemeji. Paka ana kucha kumi na nane. Shemeji alizihesabu zote bila kutazama!

"Asijilambe!" alikuwa anapiga kelele, macho yamefunikwa na manyoya. "Mwangalie asijilambe! Bado dakika ngapi?"

"Nne."

Akavumilia zote nne. Mtu mwingine angemtupa mnyama yule barabarani. Yeye alimshika kwa mikono miwili, damu inamchuruzika sikioni, akimbembeleza, "Tulia baba, tulia, usije ukafukuzwa nyumbani." Hapo nilimwonea huruma kabisa, lakini nilishachelewa.

Saa kumi kamili dada akaingia. Hakusalimia. Akachukua kitana, akamchana Jemadari kuanzia masikio hadi mkiani, akakikung'utia kwenye karatasi. Hakuna kitu! Akarudia. Hakuna!

Shemeji akaruka. "Umeona? Umeona sasa? Nilikwambia! Paka mwenye ukoo..."

Akasita, akajikuna shingo. Akaendelea, "Paka mwenye ukoo..." Akajikuna tena, safari hii kwa mikono yote miwili.

Dada akamsogelea, akaigeuza kola ya shati lake jeupe. Tulikuwa wawili tulioona, watatu ukimhesabu Jemadari. Mtaa mzima wa viroboto ulikuwa umehamia pale, na watoto wao.

"Mmempa dawa gani huyu paka?"

Nikampa bahasha. Akaisoma. Akamtazama mumewe shingo iliyochanika. Akaisoma tena, mabega yakaanza kumtetemeka kwa kicheko.

"Wewe bwana! Daktari kasema umpake, siyo umpakate! Na ni shingoni kwake, siyo kwako!"

"Najua," akasema shemeji, kwa sauti ndogo sana.

Dada akafungua kichupa, akamtonesha Jemadari dawa shingoni, kazi ya sekunde tatu, akamlaza juu ya kochi. Kisha akaufungua mlango wa nyuma, unaokwenda stoo.

"Tulikubaliana nini asubuhi? Mwenye viroboto anatoka humu ndani."

Shemeji akamtazama paka. Paka akafumba macho. Shemeji akatoka, na kwa mazoea akatembea kwa ncha za vidole.

Dada akapiga simu kliniki, akaweka sauti ya juu ili na stoo isikie.

"Samahani, nahitaji dawa nyingine ya viroboto. Ya leo ilikuwa ndogo."

"Uzito wa mgonjwa?" Alikuwa yule yule karani.

"Tisini na mbili."

"Gramu?"

"Kilo."

Kalamu ikasikika imesimama. "Huyo ni wa aina gani, mama?"

"Wa kawaida tu."

"Ana cheti?"

Dada akageuka kuitazama ile picha koridoni, juu ya ndoo ya deki.

"Anacho," akasema. "Cha ndoa."